Safu butu ya ushambuliaji: Timu isajili au ijirekebishe?

BAHARI inapokupwa Jambiani, kijiji cha pwani ya Kusini Unguja, sehemu ya ufukwe hugeuka uwanja wa soka. Vijana husimika miti miwili kila upande na mpira huchezwa hadi maji yanaporudi. Mjadala unaofuata hautofautiani na ule wa mashabiki wanaotoka Uwanja wa Amaan mjini: timu imecheza vizuri, lakini haikufunga, hivyo atafutwe mshambuliaji mwingine.

Kauli hiyo ni nyepesi kuitoa, ila utekelezaji wake una gharama. Kwa timu ya kijiji inayoendeshwa kwa michango ya wanachama, fedha za kumleta mchezaji wa nje, anayejulikana mitaani kama mamluki, ndizo zinazotakiwa kununua mipira na kulipia usafiri. Aidha, nafasi anayopewa mgeni huyo ni nafasi anayoikosa kijana wa kijiji.

Swali la kwanza, kwa hiyo, si nani asajiliwe. Swali ni iwapo ukame wa mabao unatokana na washambuliaji wenyewe au na wanaowalisha mipira.

Namna ya kuipima safu

Safu ya ushambuliaji hupimwa kwa mambo manne: idadi ya nafasi za kufunga, mashuti yaliyopigwa, mashuti yaliyolenga lango, na mabao. Daftari na kalamu vinatosha kwa kazi hiyo. Mwekaji kumbukumbu huandika pia upande ulikotoka mpira: winga ya kulia, ya kushoto, katikati, kona au faulo.

Katika ligi kubwa duniani, kwa wastani, shuti moja kati ya kumi hivi huzaa bao. Kiwango hicho si sheria kwa kila uwanja, lakini kinasaidia kutoa hukumu ya haki.

Tuchukulie timu iliyocheza mechi tatu bila kufunga. Kama ilipiga mashuti manne kwa mechi, jumla ni 12 tu. Hapo mshambuliaji wa kati hawezi kubebeshwa lawama peke yake, kwa kuwa mipira haimfikii. Tiba ipo kwa viungo, mawinga na mabeki wa pembeni.

Kama timu hiyo ilipiga mashuti 15 kwa mechi, jumla ni 45. Kukosa bao katika mashuti 45 ni dalili kwamba umaliziaji una kasoro, au kwamba mashuti hupigwa kutoka mbali mno. Daftari likionesha kuwa mengi yalipigwa ndani ya eneo la hatari na bado hayakulenga lango, hoja ya kumtafuta mpachika mabao inapata uzito.

Funzo la mwaka 2017

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuhukumu kwa mechi moja au mbili. Mfano mzuri ni timu ya Taifa ya Zanzibar, Zanzibar Heroes, katika michuano ya Kombe la Chalenji iliyofanyika Kenya Desemba 2017.

Zanzibar ilianza kwa kuifunga Rwanda mabao 3-1, kisha ikailaza Tanzania Bara 2-1. Baada ya hapo ilitoka suluhu na Kenya, na ikafungwa bao 1-0 na Libya. Kwa dakika 180 haikuona nyavu. Aliyeitazama katika siku hizo mbili pekee angesema safu yake ni butu.

Hata hivyo, katika nusu fainali timu hiyo iliyokuwa chini ya kocha Hemed Suleiman 'Morocco' iliitoa Uganda, bingwa mtetezi, kwa mabao 2-1. Katika fainali iliyochezwa Machakos ilisawazisha mara mbili dhidi ya wenyeji, mabao yote yakifungwa na Khamis Mussa Makame, la pili likiwa katika muda wa nyongeza. Kenya ilitwaa ubingwa kwa penalti 3-2 baada ya sare ya 2-2.

Kwa jumla, Zanzibar ilifunga mabao tisa katika mechi sita, yaani bao moja na nusu kwa mechi. Takwimu hizo hazikuwa za safu inayohitaji kuvunjwa. Ndiyo maana ni busara kusubiri walau mechi tano au sita kabla ya kutoa uamuzi.

Mgeni anapokuwa na faida

Si kweli kwamba kusajili kutoka nje ni kosa wakati wote. Januari 2024, Mlandege ya Unguja ilitetea Kombe la Mapinduzi kwa kuifunga Simba bao 1-0 katika fainali. Mfungaji, Joseph Akandwanaho, ni raia wa Uganda.

Bao moja, hata hivyo, hutosha pale tu ambapo safu ya ulinzi imefunga mlango. Ndivyo ilivyokuwa pia Januari 2025, Zanzibar Heroes ilipotwaa kombe hilo kwenye Uwanja wa Gombani, Pemba. Iliifunga Tanzania Bara 1-0 katika mechi ya ufunguzi na Burkina Faso 2-1 katika fainali. Timu yenye ulinzi imara haihitaji safu ya mbele ya gharama kubwa. Yenye ulinzi unaovuja itamlipa mshambuliaji na bado itafungwa.

Kasoro inayotibika mazoezini

Kwa wachezaji waliolelewa ufukweni, kama wale wa Jambiani, ipo kasoro ambayo usajili hauiondoi. Mchanga mlaini hupunguza kasi ya mpira, hivyo chipukizi huzoea kuukokota na kuugusa mara kadhaa kabla ya kupiga. Ustadi huo ni hazina. Lakini kwenye nyasi bandia mpira hukimbia, na mguso mmoja wa ziada humpa beki muda wa kufika.

Mchezaji wa namna hiyo haitaji kuachwa. Anahitaji mazoezi ya kupiga kwa mguso mmoja au miwili, na ya kuingia eneo la hatari krosi inapopigwa badala ya kuisubiri.

Mpangilio wa uamuzi, basi, ni huu. Kwanza, nafasi zihesabiwe kwa mechi tano au sita. Zikiwa chache, irekebishwe njia ya kuwafikishia washambuliaji mpira. Zikiwa nyingi na mabao hayaji, mazoezi ya umaliziaji yapewe wiki kadhaa. Hali ikibaki ileile, ndipo klabu ifungue mfuko wake, ikijua inamtafuta mchezaji wa aina gani.

Timu inayoanza na hatua ya mwisho hulipa mara mbili: humlipa mgeni asiyepata mipira, na humpoteza kijana wake, ambaye msimu unaofuata huenda akarudi kuifunga akiwa na jezi ya wapinzani.