Nani humchagua aliyechora? Safari ya zabuni ya usanifu na uhandisi hadi kijijini

Zahanati ya kijijini kwetu ina chumba cha kujifungulia ambacho dirisha lake kubwa linatazama ukuta wa choo. Upande unaopokea upepo wa kusi, ule ambao mzee yeyote wa hapa angekuonyesha hata akiwa amefumba macho, ndiko iliko stoo ya dawa. Nguzo za baraza zilianza kupasuka kabla rangi haijachakaa, maana chuma cha ndani kimefunikwa na zege jembamba na chumvi ya bahari haisubiri mtu. Siku moja nilimpeleka jamaa yangu pale, na mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaniuliza, "Mwanangu, huyu aliyechora hapa alikuja lini?"

Nilikuwa na jibu lakini niliona haya kumwambia. Nimefanya kazi ya kuchora ramani za majengo katika ofisi za Mombasa kwa miaka mingi, na nimejaza makaratasi ya kuomba kazi za serikali mpaka vidole vikaota sugu. Ramani kama ile huifahamu kwa kuitazama tu. Imetolewa kwenye kabati, ikabadilishwa jina la mahali. Swali la mama yule lina swali jingine ndani yake: huyu mchoraji alichaguliwa na nani, na kwa kipimo gani? Watu wengi wanajua kidogo jinsi mwanakandarasi anavyopatikana. Jinsi msanifu majengo na mhandisi wanavyopatikana ni wachache wanaojua, nao ndio wanaoamua mambo kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Tuanzie penye sheria. Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na wenye gharama inayofaa. Sheria inayotekeleza hayo ni ile ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, pamoja na kanuni zake za 2020. Sheria hii inaifunga serikali ya kitaifa, kaunti, mashirika ya serikali na hata shule za umma.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kuchora si kujenga. Kwa kujenga, michoro iko tayari na kila mshindani anapigia hesabu kitu kile kile, kwa hiyo anayetimiza masharti kwa bei ya chini ndiye hupewa. Kwa kuchora, kitu chenyewe bado hakipo. Unanunua akili, uzoefu na muda wa watu. Ndiyo maana sheria imeweka njia tofauti kwa kazi za ushauri wa kitaalamu, inayoitwa ombi la mapendekezo. Ipo pia njia ya shindano la usanifu, ambapo wasanifu huleta mawazo yao yakashindanishwa, lakini katika miaka yangu yote ofisini nimeiona mara chache sana.

Si kila mradi unaopitia huko. Kaunti zina idara zao za ujenzi, na serikali ya kitaifa ina idara yake, zote zikiwa na wasanifu, wahandisi na wakadiriaji majenzi walioajiriwa. Darasa la chekechea, choo cha soko au zahanati ndogo mara nyingi huchorwa na hao. Hapo hakuna zabuni ya usanifu kabisa, na ndipo ramani ya kabatini inapopata njia. Sisemi ni watu wavivu. Unakuta afisa mmoja ana wadi zote mezani kwake, gari la idara halina mafuta, na mwaka wa fedha unakwisha Juni.

Mradi ukiwa mkubwa, kampuni za nje hutafutwa. Ofisi hutangaza ilani ya kuonyesha nia, ikieleza kazi kwa kifupi na sifa zinazohitajika. Kampuni hujibu kwa kuonyesha usajili wake, kazi zilizofanya na watu wake. Msanifu majengo na mkadiriaji majenzi lazima wawe wamesajiliwa na bodi yao chini ya Sura ya 525 ya sheria za Kenya, na mhandisi awe na usajili wa Bodi ya Wahandisi chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011. Huku nyumbani mtu yeyote mwenye kompyuta na programu ya kuchora huitwa injinia. Kwenye zabuni hafiki popote.

Zinazofaulu mchujo huo hupewa hati kamili ya ombi la mapendekezo. Ndani yake mna karatasi ambazo mimi, lau ningekuwa na uwezo, ningezibandika kwenye kila mti wa mkutano: hadidu za rejea. Hizo ndizo zinazosema mshauri atafanya nini hasa. Je, atapima udongo? Atakaa siku ngapi kwenye eneo la mradi? Ataongea na watumiaji? Atazingatia chumvi, mafuriko ya masika, njia ya maji? Kisichoandikwa humo hakilipwi, na kisichalipwa hakifanywi. Mradi ukiwa ndani ya mji wa kale wa Lamu, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na hadidu hazitaji vibali vya urithi wala ufundi wa mawe na chokaa, jua mapema kwamba kuna fujo inakuja.

Kampuni hujibu kwa bahasha mbili. Moja ina pendekezo la kitaalamu na nyingine ina bei, nazo hutenganishwa kwa makusudi ili anayepima akili asiyumbishwe na pesa. Ya kitaalamu hufunguliwa kwanza. Huipima kamati ya tathmini, ambayo sheria inataka iwe na watu kati ya 3 na 5, na ambayo haina ruhusa ya kutumia kigezo ambacho hakikuandikwa kwenye hati. Alama hugawanywa kwa uzoefu wa kampuni, mbinu na mpango wa kazi, na sifa za wataalamu wenyewe. Aliye chini ya alama ya kufaulu hutolewa, na bahasha yake ya bei haifunguliwi.

Baada ya hapo ndipo pesa inaingia. Sheria inataja njia kadhaa: ubora pamoja na gharama, ubora peke yake, gharama ndogo zaidi, bajeti maalumu, na nyingine. Ile ya ubora pamoja na gharama ndiyo niliyokutana nayo mara nyingi zaidi, na inafaa tuipigie hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi hudanganywa. Chukua mfano wangu wa kubuni. Kampuni ya kwanza imepata alama 88 za utaalamu na inataka shilingi milioni 12. Ya pili imepata 80 na inataka milioni 9. Mwenye bei ya chini hupewa 100 za bei. Mwingine hupewa bei hiyo ya chini ikigawanywa kwa yake, mara 100. Basi ya kwanza ina 75 za bei, ya pili ina 100.

Kama hati ilisema ubora una uzito wa asilimia 80 na bei 20, ya kwanza inapata 70.4 na 15, jumla 85.4. Ya pili inapata 64 na 20, jumla 84. Imeshinda yenye ubora. Sasa badilisha uzito uwe 70 kwa 30. Ya kwanza inabaki na 84.1, ya pili inapanda hadi 86. Kampuni ni zile zile, alama ni zile zile, bei ni zile zile, na mshindi amebadilika. Aliyeandika uzito ule kwenye hati, miezi kabla ya bahasha kufika, alikuwa na nguvu kuliko kamati nzima. Kwa hiyo ukisikia watu wanazozana kuhusu siku ya kufungua bahasha, waache wazozane. Wewe uliza ile hati iliandikwa vipi.

Marekani wamelitatua kwa njia nyingine. Sheria yao ya 1972, inayojulikana kwa jina la mbunge Jack Brooks wa Texas, inaagiza idara za serikali kuu ziwapange wasanifu na wahandisi kwa sifa tu, angalau kampuni 3, kisha zijadiliane ada na ya kwanza. Wasipoelewana, wanaiacha na kwenda kwa ya pili. Bei haishindanishwi. Wenzangu wa fani hupenda njia hiyo, na sababu yao inaeleweka: ada ya mchoraji ni sehemu ndogo ya gharama ya jengo, lakini kosa lake hulipiwa maisha yote ya jengo. Mimi nina wasiwasi nayo kidogo. Bila bei kwenye mizani, kampuni kubwa zenye orodha ndefu ya kazi hushinda daima, na kijana wa Kilifi au Kwale aliyefungua ofisi juzi ataanzia wapi? Sheria yetu angalau inataka kaunti itenge si chini ya asilimia 20 ya ununuzi wake kwa wakaazi wa kaunti hiyo, na asilimia 30 ya ununuzi wa umma iende kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Pesa za mkopo kutoka nje hubadilisha hesabu. Barabara za Dongo Kundu, kwa mfano, zimejengwa kwa mkopo wa Japani. Makubaliano ya serikali na mkopeshaji yakipingana na sheria yetu, makubaliano ndiyo yanayotangulia, na masharti ya kuchagua mshauri hutoka huko.

Mshindi akipatikana, huarifiwa pamoja na walioshindwa siku moja, na walioshindwa huelezwa sababu. Mkataba haupaswi kutiwa saini kabla ya siku 14 kupita. Ndani ya siku hizo aliyeshindwa anaweza kwenda kwa bodi ya rufaa za ununuzi wa umma, ambayo ina siku 21 za kuamua; asiporidhika ana siku nyingine 14 za kwenda Mahakama Kuu. Mlango wa bodi, hata hivyo, ni wa washindani. Mimi na mama wa foleni hatupiti hapo.

Tunapita wapi? Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba nyaraka, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikaa kimya, kuna Tume ya Haki ya Utawala. Tovuti ya zabuni za serikali, tenders.go.ke, huchapisha matangazo na kandarasi zilizotolewa, na malalamiko ya ukiukaji yanaweza kupelekwa kwa mamlaka ya kusimamia ununuzi wa umma au, penye harufu ya rushwa, kwa tume ya maadili. Barua huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Huhitaji wakili.

Michoro mibaya ina mkia mrefu. Ujenzi ukianza na ikaonekana msingi hautoshi, mkataba wa ujenzi hubadilishwa na bei kupanda. Sheria imeweka ukomo: mabadiliko yote kwa jumla yasiongeze bei kwa zaidi ya asilimia 25. Kwa zahanati ya milioni 20 hiyo ni milioni 5, fedha za kutosha kulipa mtu apime udongo na alale kijijini wiki nzima.

Sisi tuliandika barua, watu 6 tukatia saini. Tuliomba hadidu za rejea za zahanati yetu. Tulipewa ukurasa mmoja na nusu, hakuna mahali palipotaja kuzuru eneo. Sasa wadi ya kina mama imewekwa kwenye bajeti ijayo. Kwenye kikao cha maoni ya wananchi tulisimama tukaomba mambo matatu yaandikwe mapema: mchoraji aje msimu wa kusi, akae na wakunga, na unene wa zege linalofunika chuma utajwe kwa milimita. Karani aliyaandika. Nilimwomba anisomee, akanisomea yote matatu, na nikapiga picha ule ukurasa.