Sukari Ilipandaje Juu ya Chapati Yetu?



Adhana ya magharibi imelia hapa Karurumo. Umefungua kwa tende na maji, umeswali, na sasa umeletewa sahani ya chapati za maji, zile ambazo vijana wa leo huziita pankeki. Pengine binamu yako aliyetoka Nairobi amekuja na mashine ya wafeli, ile inayotoa vijumba kama sega la nyuki. Sawa. Lakini juu yake kuna nini? Tuseme ukweli: kuna shira, au jemu ya chupa, au sukari iliyomwagwa mpaka inalia menoni kama mchanga. Na pembeni amekaa babu yako mwenye kisukari, anakunywa chai isiyo na sukari, anatazama tu. Hebu tujiulize: sukari hii ilipandaje juu ya chapati yetu?

Tuanze na jina lenyewe. Sukari tumeitoa kwa Kiarabu, sukkar, na asili yake ni neno la Kisanskriti, sharkara, maana yake changarawe. Kumbe ule mchanga menoni si wa leo! Ni huko Bara Hindi watu walikojua kugandisha maji ya miwa yakawa punje. Baada ya karne ya 7, Waislamu waliueneza muwa mpaka Misri, Sisilia na Andalusia. Lakini usidhani kila mtu alikula. Sukari ilikuwa ghali, na waganga waliitumia kama dawa. Mwaka 1226, huko Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, na humo mna matonge ya unga yaliyokaangwa na kuchovywa katika shira, yakiitwa luqam al-qadi, yaani matonge ya kadhi. Huyo ndiye babu wa kaimati zetu. Kilikuwa chakula cha wenye nafasi.

Na pwani yetu je? Ibn Battuta alipita huku mwaka 1331. Mogadishu alikaribishwa wali wa samli, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, ndimu za achari, tangawizi na maembe. Alipofika Mombasa aliona chakula kikubwa cha watu ni ndizi na samaki. Umeona? Sahani ya mgeni wa heshima ilipambwa kwa matunda na maziwa.

Huku kwetu Embu na Mbeere nako, wazee walichonga mizinga ya magogo na kuitundika mitini. Asali ilikuwa kitu cha heshima, ikapelekwa hata kwenye mahari. Haikumwagwa ovyo.

Basi sukari ilikuwaje nyingi hivi? Hapa, ndugu yangu, habari inakuwa chungu. Mashamba ya miwa yalitaka mikono mingi, na mikono hiyo ilinunuliwa. Sote tumesikia habari za Waafrika waliovushwa bahari kwenda Brazil na visiwa vya Caribbean. Lakini tusinyooshe kidole kwa wengine tu. Pangani, katika karne ya 19, watumwa walilima miwa kwenye mashamba ya Waislamu wenzetu. Hata Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na akanyongwa Desemba 1889, alikuwa na shamba la miwa huko. Tunamkumbuka kwa ushujaa wake, na ni haki. Lakini waliokata miwa ile, nani anawakumbuka?

Kisha vikaja viwanda. Hapa Kenya kilianza Miwani mwaka 1922, kikafuata Ramisi huko pwani mwaka 1927, ambacho kilifungwa mwaka 1988. Baada ya uhuru tukapata Muhoroni 1966, Chemelil 1968 na Mumias 1973. Kilichokuwa cha kadhi na tajiri kikawa cha kila duka, cha kila siku. Kwa hivyo anayekwambia ati chapati bila shira si Ramadhan, mwambie shira ni mgeni aliyezoea nyumba.

Sasa tufanye nini? Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko 6 vya chai kwa siku nzima. Asali na shira zimo katika hesabu hiyo. Kijiko kimoja kikubwa cha asali kina kama gramu 17 za sukari. Kwani ni nani kati yetu huishia kijiko kimoja?

Jaribu hivi. Ponda ndizi mbivu kwa uma, nyunyiza mdalasini. Au katakata embe la Mbeere msimu wake ukifika, na papai, kamulia ndimu. Au chukua maziwa lala mazito, tia tende mbili zilizokatwa ndogo ndogo. Au paka njugu zilizosagwa bila sukari. Makadamia tunayo hapa hapa Embu: zikaange kavu, zitwange, nyunyiza juu. Tui zito la nazi lenye iliki latosha kabisa kwa vibibi. Ukitaka asali, pima kwa kijiko cha chai, usimimine kutoka chupani.

Tahadhari moja: matunda na tende pia yana sukari yake, ingawa yana nyuzinyuzi zinazoipunguza kasi. Mwenye kisukari ale kwa kipimo alichopewa na daktari wake.

Basi kesho jioni, kabla hujamimina shira, mtazame babu pale pembeni. Andaa sahani ambayo naye atanyoosha mkono. Futari ni ya kula pamoja, si ndio?

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.