Wapagazi wa Vita vya Nyota

Kubuni vita si jambo geni katika mwambao huu. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, mojawapo ya tungo kongwe za Kiswahili zenye tarehe. Utendi huo wasimulia vita vikubwa baina ya Waislamu na majeshi ya Herekali, mfalme wa Rumi. Ilhali katika tarehe, msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirejea Madina bila ya kupigana na Warumi. Mabingwa, majibizano na mapambano hayo Mwengo aliyachota katika hadithi za maghazi zilizosimuliwa kwa Kiarabu, akayavika vina na mizani ya kwao. Wala msomaji wa utendi hamwiti Mwengo mwongo. Mwaka ule ule Wareno waliitwaa tena Ngome ya Mombasa, Pate ikiwa mshirika wao. Watu waliokuwa wakiishi katikati ya vita vya kweli walipewa vita vya mbali, ili wapate kuvitazama ushujaa na umauti kwa utulivu.

Ufundi huo wa kubuni vita umepata makazi mapya katika michezo ya mezani ya merikebu za nyota. Meza hutandikwa kitambaa cheusi, vinyago vidogo vya merikebu hupangwa juu yake, mwendo hupimwa kwa utepe, na bahati huamuliwa kwa dadu. Lakini dadu na utepe havitoshi. Mchezaji hutaka kujua merikebu yake ni ya dola gani, inagombania nini, na kwa sababu gani adui hamalizwi kwa siku moja. Hapo mbunifu hulazimika kuandika tarehe ya karne ambazo hazijafika, kuchora mipaka baina ya jua na jua, na kuzipa majina bandari ambazo hakuna aliyewahi kutia nanga.

Mizizi miwili ya michezo hii hukutana kwa mtu mmoja. Mwingereza H. G. Wells alichapa mwaka 1898 riwaya ya wavamizi watokao Mars. Na mwaka 1913 akatoa Little Wars, kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa bati sakafuni. Humo alieleza kwamba aliyevicheza vita vidogo mara chache tu hutambua jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaanza.

Mmarekani Marc Miller naye alitoa mwaka 1977 Traveller, mchezo wa safari za nyotani. Katika ulimwengu wake hakuna habari inayoweza kuitangulia merikebu, na kila mruko kutoka nyota hadi nyota huchukua kadiri ya wiki moja. Gavana wa mbali hutawala pasi na kujua kama mfalme aliyemtuma yu hai. Msomaji wa mwambao ataitambua bahari hiyo mara moja: ni bahari ya kaskazi na kusi, ambamo barua, deni na tangazo la vita vilingoja upepo. Mbunifu wa vita vya nyota, atake asitake, hurejea katika ulimwengu wa majahazi.

Kwa hiyo kijana wa Kihonda, katika uwanda wa mji wa Morogoro upande wa barabara iendayo Dodoma, akitaka kubuni vita vya mwaka 2400, hana haja ya kwenda mbali. Na ainue macho aitazame milima ya Uluguru, kwani huko ilikwisha kupita vita ya merikebu isiyokuwa na bahari.

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Mabaharia wake wamezikwa Chapwani. Königsberg ilikimbilia mikono ya mto Rufiji, ikaharibiwa humo tarehe 11 Julai 1915. Lakini mizinga yake kumi haikufa pamoja nayo. Iling'olewa, ikatiwa magurudumu, ikaburutwa bara kwa nguvu za mamia ya watu. Merikebu ikawa imekwisha, na vita vyake vikaendelea kwa miguu ya wasiokuwa mabaharia.

Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka kutoka milima ya Nguru, yakavuka mto Wami, na tarehe 26 yakaingia Morogoro. Von Lettow-Vorbeck alikuwa amekwisha kuondoka, akirudi nyuma kusini kupitia Uluguru hadi Kisaki. Farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu: unga, risasi, dawa na hema vilipanda na kushuka milima hiyo juu ya vichwa vya wapagazi, katika mvua, kwa posho isiyotosha. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee, katika vita vyote vya Afrika Mashariki, walikaribia laki moja, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi.

Maafisa wa Kijerumani walikuwa wamefunzwa vita juu ya meza. Mchezo wa vita uliotengenezwa na Reisswitz na kukubaliwa na jeshi la Prussia mwaka 1824 ulitumia ramani, vipande vidogo vya vikosi na dadu. Lakini kipande cha mezani hakiumwi tumbo. Huo ndio upungufu ambao michezo mingi ya merikebu za nyota imeurithi: mizinga huhesabiwa mmoja mmoja, ngao hupewa tarakimu, ila aliyepakia risasi hana kipande chake wala jina lake. Mbunifu amtajaye hana budi kubadili vita vyenyewe, kwani dola isiyokuwa na wachukuzi haiwezi kwenda mbali, na ile inayowaua kwa njaa itasimama njiani hata kama haijapigwa.

Mchezo wa wazee wa huku ulikwisha kulijua neno hili. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na ni vita tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini kete iliyoliwa haitolewi nje. Huchukuliwa ikapandwa upande wa aliyeila, ikamfanyia kazi dhidi ya bwana wake wa jana. Ndivyo ilivyokuwa kwa wapagazi wengi wa vita vile: mstari wa mbele ukisogea, aliyembebea Mjerumani asubuhi hujikuta jioni akimbebea Mwingereza, na mzigo ni ule ule. Anayecheza bao hawezi kuisahau kete, maana hiyo ndiyo mali, ndiyo jeshi, na ndiyo hasara.

Mwengo alibuni vita ili watu wapate kuona. Thamani ya vita vya kubuniwa haipimwi kwa wingi wa merikebu wala kwa umbali wa nyota, bali kwa wale wanaoonekana humo. Kikosi cha wapagazi wa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Vinywa vya watu vikalifanya jina hilo Kariakoo, na mtaa wa Dar es Salaam palipokuwa na kambi yao ungali waitwa hivyo. Maelfu huenda sokoni hapo kila siku kununua na kuuza, bila ya kukumbuka ni mzigo gani uliolizaa jina hilo. Basi kijana wa Kihonda akiipa bandari yake ya nyota jina la Kariakoo, huenda mchezaji mmoja, dadu i mkononi, akasita na kuuliza kwa nini imeitwa hivyo.