Mafunzo ya mbwa waoga

Mafunzo ya mbwa waoga ni njia ya kumsaidia mbwa mwenye hofu kubwa kujenga imani kwa watu na kwa mazingira yake bila kutumia adhabu wala nguvu. Hutumika hasa katika vituo vinavyotunza mbwa waliotelekezwa, waliopotea au waliookolewa kutoka kwa watu waliowatesa. Mbwa anayejificha kila mgeni anapofika huchaguliwa kwa nadra na familia inayotafuta mbwa wa kufuga, na katika nchi nyingi mbwa asiyepata nyumba anaweza kuuawa kwa sindano. Kwa hiyo mafunzo haya yanaweza kuamua kama mbwa ataishi au la.

Chanzo cha woga

Si kila mbwa mwoga amewahi kupigwa. Wengine hurithi woga kutoka kwa wazazi wao, na wengine wengi hawakuzoeshwa watu walipokuwa wadogo. Wanasayansi John Paul Scott na John L. Fuller, waliofanya utafiti huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba mtoto wa mbwa hujifunza kuwazoea viumbe wengine kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi. Mtoto wa mbwa aliyekuzwa bila kukutana na watu katika kipindi hicho huwakimbia baadaye kama mnyama wa porini, hata kama hakuna aliyemdhuru.

Maisha ya kituoni nayo yanaweza kuongeza hofu: kelele za mbwa wengine, harufu ngeni, sakafu inayoteleza na watu wanaobadilika kila siku.

Dalili

Mbwa mwenye hofu huweka mkia katikati ya miguu, hulaza masikio nyuma, hutetemeka, huhema bila joto, hupiga miayo au hulamba midomo bila kuwapo chakula. Wengine huganda kabisa. Mbwa aliyeganda hudhaniwa kuwa mtulivu, kumbe ameshindwa kukimbia. Kukataa chakula anachokipenda ni ishara kwamba hofu imezidi.

Kunguruma ni onyo. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma anaweza kuacha kuonya huku hofu ikibaki palepale, na mara nyingine akauma ghafla.

Msingi wa kisayansi

Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kwamba mbwa hudondokwa na mate anaposikia sauti aliyozoea kuisikia kabla ya kulishwa. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani Mary Cover Jones alieleza jinsi mtoto aliyemwogopa sungura alivyoacha kuogopa baada ya sungura huyo kusogezwa karibu kidogokidogo wakati mtoto anakula. Joseph Wolpe, daktari wa akili kutoka Afrika Kusini, aliwalisha paka waliokuwa na hofu katika vyumba vilivyofanana zaidi na zaidi na chumba walichokiogopa. Kutokana na kazi hiyo alijenga tiba ya hofu kwa binadamu, ambayo aliieleza katika kitabu cha mwaka 1958. Mafunzo ya mbwa waoga yanafuata kanuni hiyohiyo.

Mbinu

Kwanza mbwa hupewa mahali pa kujificha na ratiba isiyobadilika, ili aweze kutabiri nini kitafuata. Mtunzaji hukaa chini ubavuubavu, bila kumkazia macho, na kumtupia vipande vya nyama. Umbali huanza pale ambapo mbwa anamwona mtu lakini bado anaweza kula, kisha hupunguzwa kidogokidogo. Mtu hutokea kwanza, chakula kikafuata, ili mbwa ajifunze kwamba mtu ni dalili ya jambo jema.

Mbwa huachiwa uamuzi wa kusogea au kuondoka. Akirudi nyuma hafuatwi, bali zoezi hurahisishwa. Vipindi vya dakika chache vinavyorudiwa kila siku hufaa kuliko kipindi kimoja kirefu. Mbwa akianza kumsogelea mtu mwenyewe, hufundishwa mambo madogo kama kugusa kiganja kwa pua, kuvaa ukosi na kutembea kwa kamba.

Kumbana mbwa kwenye kona na kumshikilia hadi aache kupambana hakushauriwi, kwa kuwa mara nyingi hukata tamaa tu na hofu huongezeka. Kwa upande mwingine, kumbembeleza mbwa anayekuja kutafuta faraja hakumfunzi woga.

Mbwa mtulivu anaweza kutumiwa kama msaidizi, kwa sababu mbwa mwoga humtazama mwenzake na kumfuata. Daktari wa mifugo huangalia kama kuna maumivu, na anaweza kuagiza dawa za kupunguza wasiwasi.

Matokeo

Shirika la ASPCA la Marekani lilianzisha mpango wa mbwa wenye woga uliokithiri mwaka 2013 huko Madison, New Jersey, na mwaka 2018 likafungua kituo cha kudumu huko Weaverville, North Carolina. Ripoti ya mwaka 2022 kuhusu mbwa 441 waliopitia mpango huo ilionyesha kwamba takriban asilimia 86 walihitimu. Hivyo hata mbwa waliopitwa na kipindi cha utotoni wanaweza kusaidiwa, ingawa si wote.

Baada ya kupata nyumba

Siku za mwanzo ni za hatari, kwani mbwa mwoga anaweza kutoroka mlango ukiachwa wazi. Familia hushauriwa kumtengea chumba kimoja tulivu, kufunga kamba mbili anapotoka nje, na kuwazuia wageni na watoto wasimguse hadi atakapowasogelea mwenyewe. Wengine hubaki waoga kiasi maisha yao yote, lakini huweza kuishi vizuri na watu waliowazoea.