Risasi Ndani ya Petroli: Historia ya Moshi Wanaouvuta Watoto Wetu

Tumezoea kuzungumza hapa juu ya chanjo, lishe na usafi wa maji. Leo tutazungumza juu ya moshi wa magari.

Utauliza, muuguzi na magari ni wapi na wapi? Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Uganda inapita katikati yetu: Naivasha, Gilgil, Nakuru, Salgaa hadi Mau Summit. Akina mama huuza viazi, karoti na mahindi ya kuchoma kando ya barabara hiyo, na watoto wao wamo mgongoni au wamelala kwenye katoni chini ya meza. Malori hupanda mlima polepole yakitoa moshi mweusi. Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mtu mzima, na pua yake iko karibu na ekzosi kuliko yako.

Watengenezaji wa magari hutuambia kwamba kila mwaka magari yao ni safi zaidi. Kwa sehemu ni kweli. Lakini kabla ya kuwaamini, ni vizuri mlezi aijue historia yao, kwa sababu watoto ndio waliolipa gharama yake.

Sumu iliyofichwa jina

Kwanza tuelewane. Risasi ninayotaja si ya bunduki. Ni yale madini mazito ya rangi ya kijivu yaliyo ndani ya betri ya gari. Tangu zamani ilijulikana kuwa ni sumu.

Miaka ya 1920 injini za magari zilikuwa zikigongagonga, na nguvu nyingi ilipotea. Mwezi Desemba 1921, Thomas Midgley, mtaalamu wa maabara ya kampuni ya General Motors huko Marekani, aligundua kwamba dawa yenye risasi ikitiwa kidogo tu kwenye petroli, injini hutulia. Wataalamu hao walijua kwamba spiriti inayotokana na nafaka au miwa hufanya kazi hiyo pia. Lakini spiriti mtu yeyote angeweza kuitengeneza, ilhali dawa ya risasi ingekuwa na hati miliki na faida yake ingebaki kwa wenyewe. Mwaka 1924 General Motors na Standard Oil ya New Jersey waliunda kampuni ya kuiuza, wakaiita Ethyl. Neno risasi halikutajwa katika jina hilo.

Mwezi Oktoba 1924, wafanyakazi 5 wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kuvuta mvuke wa dawa hiyo. Wengine zaidi ya 30 walilazwa, baadhi yao wakiwa wamerukwa na akili. Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa hiyo mbele yao na kuinusa ili kuonyesha kwamba haina neno. Hakuwaambia kwamba yeye mwenyewe mwaka 1923 alilazimika kwenda mapumzikoni kwa sababu ya sumu hiyo hiyo.

Mwezi Mei 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano. Daktari Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa ya viwandani, alionya kwamba risasi si kitu cha kutawanywa hewani. Kamati iliyoundwa ilichunguza watu kwa miezi michache tu, na mwaka 1926 biashara ikaruhusiwa kuendelea. Kwa miaka karibu 40 iliyofuata, utafiti mwingi juu ya risasi ya petroli ulifanywa na Dkt. Robert Kehoe, aliyekuwa akilipwa na kampuni hizo hizo. Mamba ndiye aliyeachiwa kazi ya kuwahesabu samaki.

Meno ya watoto yalipotoa ushahidi

Mwaka 1965 mwanasayansi Clair Patterson alionyesha kwamba risasi iliyomo mwilini mwa watu wa siku hizi ni nyingi mno kuliko ile ya asili. Mwaka 1979 Dkt. Herbert Needleman alipima meno ya utotoni yaliyong'oka ya watoto wa karibu na mji wa Boston. Watoto ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walipata alama za chini katika vipimo vya akili, na walimu wao walisema hawatulii darasani. Hawakuwa wagonjwa wa kulazwa. Kwa macho walionekana wazima kabisa.

Hapo ndipo ubaya wa risasi ulipo, mama. Mtoto hapati homa wala vipele. Sumu huingia kwenye ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa kujifunza. Hukaa kwenye mifupa kwa miaka mingi, na mwanamke akipata mimba hutoka mifupani na kumfikia mtoto tumboni. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

"Haiwezekani", mpaka sheria ilipokuja

Risasi haikuwa peke yake. Mwaka 1969 serikali ya Marekani ilizishtaki kampuni kubwa 4 za magari kwa kula njama ya kuchelewesha vifaa vya kusafisha moshi. Kesi ilimalizwa mwaka huo huo kwa makubaliano kwamba njama ya namna hiyo isifanyike. Mwaka 1970 ikaja sheria ya hewa safi iliyotaka moshi wa magari mapya upunguzwe kwa asilimia 90. Kampuni zililalamika kwamba muda ni mfupi na teknolojia haipo. Lakini Honda ya Japani ilitengeneza injini iliyofikia kipimo cha mwaka 1975 bila hata kifaa cha ziada. Kisichowezekana kwa mmoja kiliwezekana kwa mwingine aliyeamua.

Kuanzia mwaka 1975 magari mengi mapya ya Marekani yalifungwa kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Kifaa hicho huharibika kikiguswa na risasi, kwa hiyo vituo vya mafuta vikalazimika kuuza petroli isiyo na risasi. Tafakari jambo hili. Onyo la madaktari la 1925 halikutosha kuitoa risasi kwenye petroli. Ilianza kutoka ilipoharibu kifaa cha gari.

Kwetu ilichelewa

Marekani iliacha kabisa petroli ya risasi kwa magari ya barabarani mwaka 1996, na Uingereza mwishoni mwa 1999. Afrika iliendelea kuichoma. Mwezi Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dakar, Senegal, wakaazimia kuiondoa. Mwaka 2002 ukaanzishwa ushirikiano wa mafuta safi chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake ni Nairobi. Kufikia Januari 2006, Kenya na nchi nyingine za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha.

Kwa hiyo, mama, kama ulizaliwa mjini hapa nchini kabla ya 2006, hewa uliyovuta utotoni ilikuwa na risasi ambayo ilijulikana kuwa hatari tangu kabla bibi yako hajaolewa. Hata baada ya hapo biashara haikufa kwa hiari. Mwaka 2010 kampuni ya Innospec ilikiri mahakamani kuwahonga maafisa wa Iraki na Indonesia, na sehemu ya hongo hiyo ilikuwa ya kuhakikisha nchi hizo zinaendelea kununua dawa ya risasi. Kituo cha mwisho duniani kuuza petroli hiyo kwa magari kilikuwa Algeria, na kiliacha Julai 2021. Ilikuwa imepita karibu miaka 100.

Je, siku hizi wamebadilika?

Mwezi Septemba 2015 ilifichuka kwamba Volkswagen ya Ujerumani ilitia programu ya udanganyifu kwenye magari ya dizeli yapatayo milioni 11. Gari likipimwa lilijua, likatoa moshi msafi. Likirudi barabarani, baadhi yalitoa gesi chafu hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Watafiti waligundua jambo hili kwa kufunga mitambo kwenye magari yenyewe na kuyapima yakiwa safarini.

Na magari ya umeme? Mwaka 2021 Volvo ilitangaza kwamba ifikapo 2030 itauza magari ya umeme pekee. Septemba 2024 ikaondoa ahadi hiyo. Mercedes-Benz nayo ilisogeza mbele lengo lake mwaka 2024. Wanasema wanunuzi ni wachache na vituo vya kuchajia havitoshi. Huenda ni kweli. Lakini aliyeisoma historia hii ana haki ya kuuliza maswali. Ahadi ni deni, na deni lisilo na mdai halilipwi.

Sisi hapa tuna jambo letu la ziada: magari yetu mengi ni ya mitumba. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje ya Ulaya, Japani na Marekani, na kama asilimia 40 yalikuja Afrika. Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8 kuingizwa, na hilo limesaidia. Tangu Januari 2015 dizeli yetu inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni. Lakini gari likishafika, kile kifaa cha ekzosi mara nyingine hung'olewa gereji, kwa sababu kina madini ya thamani kama platinamu. Gari linatembea, ila linatema uchafu wote. Na mwaka 2012 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba tangu 1981 mvuke wa Olkaria, hapa hapa Naivasha, unazalisha umeme usio na moshi, na leo ni sehemu kubwa ya umeme wa nchi nzima. Nishati safi inatoka nyumbani kwetu, lakini malori yanayopita mlangoni petu bado ni ya dizeli.

Mlezi afanye nini?

Moja, ukifanya biashara kando ya barabara, mweke mtoto upande wa mbali na magari, wala si chini kwenye vumbi. Funika chakula unachouza.

Mbili, kwenye steji usisimame na mtoto nyuma ya gari linalonguruma. Mwombe dereva azime injini wakati wa kungoja abiria. Ukiomba peke yako atakucheka, lakini abiria kumi wakiomba atazima.

Tatu, usiruhusu betri kuukuu ya gari ivunjwe nyumbani. Petroli imesafishwa, lakini risasi bado imo kwenye betri. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirejesha hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3. Baba akifanya kazi ya betri, avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumbeba mtoto.

Nne, mpe mtoto vyakula vyenye madini ya chuma: terere, managu, maharagwe, omena, ini. Mtoto aliyepungukiwa na damu hufyonza risasi kwa urahisi zaidi. Mnawishe mikono kabla ya kula.

Tano, hesabu pumzi za mtoto anayekohoa, akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Au kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, mpeleke kituo cha afya mara moja, usingoje asubuhi.

Sita, katika baraza la chifu na mikutano ya kaunti, ulizeni: nani anapima moshi wa magari ya hapa, na anayapima yakiwa wapi? Historia imetuonyesha kwamba kampuni zilibadilika pale sheria ilipokuwepo na mtu akapima kweli.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni wapi katika mtaa wetu watoto huvuta moshi mwingi zaidi?
2. Kwa nini jina la dawa ya petroli halikutaja risasi?
3. Tutamwendea nani kuhusu magari yanayotoa moshi mweusi karibu na shule na kliniki?

Mpe jirani yako habari hizi, na ukienda kliniki tuulize zaidi.