Masinde Muliro, mzee ambaye mvi hazikumpoza

Husemwa kijana ndiye mpinzani, na akiota mvi hupoa. Masinde Muliro, mzaliwa wa Kimilili, Bungoma, aliyekuja kuwa mbunge upande wa Kitale, alikwenda kinyume.

Mwaka 1960 alikuwa naibu wa Ronald Ngala katika KADU, chama cha majimbo ambacho sisi Wapwani twakikumbuka vyema. Novemba 1964 KADU ikavunjwa, wakahamia KANU, na baadaye Muliro akawa waziri. Basi ndiyo amepoa? La. Mwaka 1975 aliunga mkono bungeni ripoti ya mauaji ya J.M. Kariuki, Kenyatta akamfuta kazi. Agosti 1991, akiwa na miaka 69, aliunda FORD pamoja na Jaramogi Odinga, aliyemzidi umri, na Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa. Waliyemkabili ni Moi, mwenzake wa zamani katika KADU! Desemba hiyo kifungu cha 2A kikafutwa, na vyama vingi vikaruhusiwa.

Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, naye wa Kimilili, hakugeuka hata kidogo: alifungwa na Mwingereza, akafungwa tena baada ya uhuru.

Muliro alifariki Agosti 1992 alipotua Nairobi akitokea London, miezi minne kabla ya uchaguzi.