Chui, Mbuzi na Majani: Fumbo Linaloanza Baada ya Jibu

Wengi waliosoma shule za msingi Afrika Mashariki wamewahi kuulizwa namna mtu atakavyovuka mto na chui, mbuzi na majani, ilhali mtumbwi wake unambeba yeye na kimoja tu kati ya vitatu hivyo. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akiacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Anayelijua jibu hulitaja mara moja: mbuzi kwanza, kisha chui, arudi na mbuzi, apeleke majani, mwisho amfuate mbuzi. Muulizaji hukubali, na mazungumzo huishia hapo. Makala haya yanadai kwamba yanaishia pale ambapo hisabati ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Chanzo cha hali hiyo nakiona katika desturi nzuri tuliyoitumia mahali pasipo pake. Tukitegeana vitendawili, anayeshindwa hutoa mji, na mwenye kutega ndiye mwenye jibu. Jibu hilo limekubaliwa na jamii. Msikilizaji akitoa jingine lenye maana, bado huambiwa amekosa. Fumbo la mantiki halina mwenyewe wa aina hiyo. Mtoto wa miaka kumi anaweza kumwonyesha profesa kwamba njia yake ina kasoro, na profesa atalazimika kukubali. Kulifundisha kama kitendawili, yaani kukariri jibu na kusubiri kupongezwa, ni kumnyang'anya mtoto uwezo huo.

Fumbo lenyewe ni la kale. Limo katika mkusanyo wa Kilatini uitwao Propositiones ad acuendos iuvenes, maswali ya kunoa akili za vijana, ambao kwa kawaida huhusishwa na Alcuin wa York, mwanachuoni wa baraza la Mfalme Charlemagne aliyefariki mwaka 804. Humo wanaovuka ni mbwamwitu, mbuzi na kabichi. Jibu lililoandikwa chini yake linataja hatua tu. Halisemi kama kuna njia fupi zaidi, wala kama kuna njia nyingine.

Tujiulize basi. Njia tuliyoitaja ina safari 7, za kwenda na kurudi kwa pamoja. Je, 5 hazitoshi? Safari ya kwanza haina hiari: lazima achukuliwe mbuzi, kwa sababu kuchukua kingine chochote kunamwacha mbuzi na adui au na chakula. Akisharudi mtupu, mvukaji atachukua chui au majani. Afikapo ng'ambo anamkuta mbuzi, na hawezi kuviacha viwili hivyo pamoja. Akirudi na kile alichokileta hajapiga hatua yoyote, kwa hiyo lazima arudi na mbuzi. Mbuzi basi atavushwa kwenda ng'ambo angalau mara 2, chui angalau mara 1, majani angalau mara 1. Hizo ni safari 4 za kwenda, na katikati yake zipo 3 za kurudi. Jumla ni 7, na hakuna mjanja atakayepunguza hata moja.

Hoja hiyo inatoa zaidi ya idadi. Ndani yake hatukuuliza nani anamla nani. Tulichotumia ni kwamba mbuzi hapatani na wawili, na wawili hao wanapatana. Kwa mantiki, chui na majani ni kitu kimoja! Ukibadilisha nafasi zao unapata njia ya pili, ya safari 7 vilevile. Na ukiichukua njia ya kwanza ukaisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo, inayojitokeza ni njia hiyohiyo ya pili. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzuri wa fumbo hili, na sijui sababu ya kumficha mwanafunzi jambo lililo wazi kiasi hiki.

Mafunzo mazito zaidi yanatoka Zambia. Mwanahisabati Marcia Ascher, katika makala aliyoichapisha mwaka 1990 kuhusu mafumbo ya kuvuka mto katika tamaduni mbalimbali, alijadili simulizi la Waila ambamo mtu ana chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi, na mtumbwi unabeba yeye na kimoja tu. Mtu huyo anafikiria kumwacha chui, kisha panya, lakini wote kwake ni kama watoto wake. Anaamua kubaki alipo. Msomaji wa haraka anaweza kuona hilo ni jibu la hekima, lisilo la hisabati. Lakini jaribu safari ya kwanza. Akichukua mbuzi, panya atakula mahindi. Akichukua mahindi, chui atamla mbuzi. Akichukua chui, mbuzi atakula mahindi. Akichukua panya, chui atamla mbuzi. Hata tukijaalia kwamba chui hamgusi panya, hakuna safari ya kwanza iliyo salama. Msimulizi hakukosea: kwa masharti yale, kuvuka hakuwezekani, na kumwondoa chui au panya ni kulirudisha fumbo kwenye umbo la mbuzi wetu. Mtumbwi ungebeba viwili badala ya kimoja, safari 3 zingetosha.

Kusema "haiwezekani" ni dai gumu kuliko kutoa jibu, kwa kuwa linahusu njia zote, pamoja na zile ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu. Wakubwa wamejikwaa hapo. Niccolò Tartaglia, Mtaliano aliyejulikana kwa utatuzi wa milinganyo ya daraja la tatu, aliamini kwamba wanandoa jozi 4 wenye wivu wanaweza kuvuka kwa mtumbwi wa watu 2, bila mke yeyote kuwa na wanaume wengine pasipo mumewe. Jozi 3 wanaweza, kwa safari 11. Jozi 4 hawawezi. Inaelekea aliona mfano uliofaulu kwa jozi 3, akauendeleza bila kudai uthibitisho.

Na swali halikuzeeka. Mwaka 2010 Péter Csorba, Cor Hurkens na Gerhard Woeginger walichapisha utafiti kuhusu kundi lolote la vitu visivyopatana. Chagua idadi ndogo kabisa ya vitu ambavyo, ukiviondoa, vinavyobaki vyote vinapatana. Kwa fumbo letu idadi hiyo ni 1, yaani mbuzi. Kwa Waila ni 2. Walithibitisha kwamba mtumbwi mdogo kabisa unaotosha hubeba idadi hiyo kamili, au idadi hiyo na kimoja zaidi, basi. Kujua ni ipi kati ya hizo mbili kunaweza kuwa kazi nzito hata kwa kompyuta, makundi yanapokuwa makubwa. Swali la watoto limefika kwenye ukingo wa nadharia ya ukokotozi bila kuongezewa chochote isipokuwa idadi ya mizigo.

Kuna watakaosema mafumbo haya ni ya kubuni, hakuna mtu anayesafiri na chui. Ni kweli, na ubunifu huo ndio unaotufaa: masharti yote yako mezani, hakuna taarifa iliyofichwa, hivyo mwanafunzi hawezi kumtegemea mwalimu kujua kama yuko sahihi. Ndiyo maana napinga kuyatumia kama kipimo cha kasi. Anayejibu kwa sekunde tatu huenda alisikia jibu mwaka jana. Mwalimu wa hisabati awape wanafunzi fumbo la Waila bila kuwaambia lolote kuhusu mwisho wake, na atakayeandika "haiwezekani" akaonyesha jinsi kila moja kati ya safari nne za kwanza inavyoharibika, apewe alama zote.